Asilimia Mbili

Ukiisoma historia ya watu wenye ulemavu Tanzania Bara kwa jicho la mhasibu, utaikuta namba 2 imejirudia mara tatu. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria ya ajira iliyomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 2 yao ni watu wenye ulemavu. Sensa ya mwaka 2002 ikawahesabu watu hao na kupata takriban asilimia 2 ya Watanzania wote. Kisha mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ikarekebishwa, kila halmashauri ikaamriwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hizi mbili tatu hazina undugu. Ya kwanza inahusu kazi, ya pili inahusu vichwa, ya tatu inahusu fedha. Kila mara ilipotajwa, hata hivyo, kulikuwa na watu mezani wakijadili fungu la mtu ambaye mara nyingi hakuwepo mezani. Historia ninayotaka kuisimulia hapa ni ya meza hiyo: nani alikaa, nani alisimama mlangoni, na nani alibaki kijijini akisubiri kusomewa matokeo.

Kijiji nilichonacho akilini kiko Zagayu. Tulipokuwa watoto tulihesabiwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa, tukawa Wilaya ya Itilima, ingawa wazee wengi bado wanasema wanatoka Bariadi na huwezi kuwabadilisha. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba, mtama, dengu na ng'ombe, yenye udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi unapasuka na masika unanata kama gundi. Mtu anayetembelea magoti au baiskeli ya magurudumu matatu anaijua tofauti ya misimu hiyo miwili kuliko mkulima yeyote.

Mtu wa namna hiyo kwetu ni baba yangu mdogo. Alizaliwa mwaka 1967. Alipokuwa na miaka mitatu alipata homa, na homa ilipoondoka iliondoka na mguu wa kushoto. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na kwa hiyo ugonjwa wa kupooza ulimkuta yeye kabla chanjo haijamkuta. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini aliripotiwa mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Kizazi chake ni miongoni mwa vya mwisho kuubeba mwilini.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Tunalikumbuka Azimio kwa kutaifisha mabenki na kwa miiko ya viongozi, lakini limo ndani yake jambo lililomhusu mtoto yule wa Zagayu moja kwa moja. Lilisema kwamba katika nchi ya kijamaa kila anayeweza kufanya kazi afanye, na wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao nchi bado haijaweza kuwapa kazi. Kwa wakati wake hilo lilikuwa neno la heshima. Serikali ya kikoloni ilimjua mtu asiyejiweza hasa pale mkusanya kodi alipoamua kumsamehe. Azimio lilisema ana haki. Lakini haki yenyewe ilikuwa haki ya kutegemea, na kapu aliloingizwa lilikuwa la watoto na wazee. Ukishawekwa kapu moja na mtoto mdogo, si rahisi mtu akuulize unaonaje kuhusu bajeti.

Hata lugha ilikuwa upande huo. Kiswahili tulichokikuta kilikuwa na kilema, kipofu, kiziwi na kiwete, maneno yanayokaa ngeli moja na kiti na kikapu. Wanaisimu wanaweza kutuambia kwamba kiongozi na kijana nao wana ki- na hakuna anayelalamika, na ni kweli. Ila kiongozi hakuwahi kuitwa hivyo kwa kuzomewa njiani. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, na tofauti imo katika neno la kwanza. Mtu anatangulia. Nimewahi kusikia vijana wenzangu wakiibeza lugha hii mpya kwamba ni ya semina na posho. Baba mdogo, ambaye semina aliyowahi kuhudhuria ni moja, haibezi. Kwa miaka zaidi ya thelathini jina lake sokoni lilikuwa Kiwete, na kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuziendesha. Usukumani baiskeli hubeba magunia, wagonjwa na maharusi, kwa hiyo kila mtu alimhitaji. Walikuwa wakisema, "Peleka kwa Kiwete," wala hawakuwa na nia mbaya.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Tanzania ikatunga sheria mbili. Moja ni ile ya ajira yenye asilimia 2. Nyingine ilihusu matunzo, ikaeleza wajibu wa familia, ndugu, serikali za mitaa na serikali kuu katika kumtunza mtu mwenye ulemavu. Likaundwa pia baraza la taifa la kumshauri waziri. Zilikuwa sheria za mapema, na wanasheria wanaozicheka leo wanasahau hilo.

Ila jaribu kuzisoma ukiwa Zagayu. Sheria ya ajira ilimtafuta mwajiri mwenye watu 50. Kwetu mwajiri wa namna hiyo, ukiacha viwanda vya kuchambua pamba vilivyokuwa mbali, hakuwepo. Kizio cha uchumi wa kijiji ni kaya, na kaya haina idara ya utumishi. Kwa hiyo sheria ya kwanza ilipita juu yetu kama ndege. Iliyotua ni ya pili, ya matunzo, na ilikuta kazi hiyo inafanyika tayari. Bibi yangu hakuhitaji kifungu cha sheria ili ampikie mwanawe. Alichohitaji ni magongo, shule yenye mlango unaofikika, na mtu wa kumwambia kwamba mguu haukutokana na jicho la jirani.

Hilo la mwisho si dogo Usukumani. Wanawake wazee kwetu waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati sababu ya wekundu ilikuwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mwili ulisomwa kama ushahidi wa kesi ambayo mshtakiwa hakujua imefunguliwa. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 usomaji huo wa miili uligeuka biashara, na watu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa wakaanza kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilitajwa duniani kote. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, wa kwanza mwenye ualbino. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia ndani ya Bunge akilizungumzia suala hilo, na serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Machi mwaka huohuo tukapigishwa kura za siri, kila mtu aandike jina la anayemshuku. Kabla ya mwaka kwisha, Mahakama Kuu ikiketi Kahama na Shinyanga ilikuwa imetoa hukumu za kifo.

Nataja haya kwa sababu sheria tuliyonayo sasa ilizaliwa ndani ya miaka hiyo. Njia yake ilikuwa imeanza kabla: Sera ya Taifa ya mwaka 2004, kisha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia Novemba 2009. Vyama vya wasioona, viziwi, watu wenye ualbino na wenye ulemavu wa viungo, vilivyoungana katika shirikisho la SHIVYAWATA, vilikuwa vimedai sheria mpya kwa miaka. Lakini sheria hupata mbio zake pale ambapo kutochukua hatua kunatia aibu, na mwaka 2009 aibu ilikuwepo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ilipitishwa Dodoma na kutiwa saini na Rais mwaka huohuo. Mwezi Oktoba wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfan Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwa kura za jimbo.

Sheria hiyo ilifuta zile mbili za mwaka 1982. Ilimshusha mwajiri kutoka wafanyakazi 50 hadi 20, na kupandisha fungu kutoka asilimia 2 hadi 3. Ilikataza ubaguzi, ikazungumzia majengo, elimu, afya, mawasiliano na haki ya kupiga kura. Kwetu sisi wa vijijini, hata hivyo, jipya lilikuwa jingine. Chini ya Baraza la Taifa la Ushauri, sheria iliweka ngazi za kamati zinazoshuka mkoani, kwenye halmashauri, na hatimaye kwenye kijiji na mtaa. Kwa mara ya kwanza sheria ya ulemavu ilikuwa na anwani inayofanana na ya kwetu. Ile ya mwaka 1982 ilimtafuta mwajiri ikamkosa. Hii ilimtafuta mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji anapatikana.

Majirani walipita njia nyingine. Kenya mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliunda jopo la kuzipitia sheria zinazowahusu watu wenye ulemavu, na ikachukua miaka kumi hadi sheria yao ikapita mwaka 2003. Uganda hawakuanza na sheria ya huduma. Walianza na viti. Katiba yao ya mwaka 1995 ilifungua njia ya wabunge watano wa watu wenye ulemavu, na mabaraza ya wilaya yakapata madiwani wawili, mmoja wao akiwa mwanamke. Zanzibar nao walitunga sheria yao mwaka 2006, wakiwa na baraza lao wenyewe. Ukiziweka nchi hizi kando kwa kando unaona swali moja lililojibiwa kwa namna tofauti: mtu mwenye ulemavu apewe huduma, ushauri au kura? Uganda ilisema kura. Sisi tuliandika neno ushauri ndani ya jina la baraza lenyewe.

Mara moja tulikaribia jibu jingine. Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilianza kuzunguka nchi nzima ikikusanya maoni, na Al-Shaymaa Kwegyir alikuwa mmoja wa makamishna wake. Fikiria jambo hilo kwa miaka yake: miaka michache baada ya watu wenye ualbino kuanza kuwindwa, mtu mwenye ualbino anaketi upande wa wanaouliza, na wananchi wanasimama mbele yake kueleza nchi wanayoitaka. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba likakaa Dodoma, na kati ya wajumbe 201 walioteuliwa kutoka makundi mbalimbali, 20 walitoka katika vyama vya watu wenye ulemavu. Nafasi 20, sawa na za wakulima na za taasisi za dini. Hawakuwa wageni waalikwa, walikuwa wapiga kura.

Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo tunaishi na Katiba ya mwaka 1977. Katiba hiyo ina ibara ya 11, inayoitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni sauti ya Azimio inayosikika bado, kapu lilelile. Na ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani.

Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwetu ni kamati. Baba mdogo aliingia kwenye ya kijijini kwake akiwa na miaka karibu hamsini. Nilimuuliza siku moja, tukiwa tumekaa kwenye kibanda chake kati ya tairi na minyororo, kamati inafanya nini. Nilikuwa nimekuja na daftari, nimesoma sheria yote, nikitaka kusikia kuhusu haki.

"Tunaandika majina, mwanangu," alisema.

Nikadhani ananikwepa. Hakuwa ananikwepa. Aliniambia kwamba walipoanza, orodha ya kijiji ilikuwa na watu saba. Wote saba walikuwa wanaume, na wote walikuwa wanaonekana barabarani. Wanakamati wakaanza kupita kaya kwa kaya. Katika nyumba moja walimkuta msichana wa miaka kumi na minne asiyesikia, ambaye majirani wa mita mia mbili walijua tu kwamba yupo mtoto "mkimya". Katika nyingine palikuwa na mama aliyekuwa haoni tangu uzazi wake wa mwisho. Orodha ilipita thelathini kabla hawajavuka bonde. Wengine walikataa kuandikwa. Baba mdogo aliwaelewa, kwa sababu baada ya 2008 hakuna mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino anayefurahi kuona jina lake linaandikwa na mtu asiyemjua. Yeye alikuwa anajulikana. Nusu ya baiskeli za kata zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Hapo ndipo nilipozielewa namba za sensa. Mwaka 2002 takriban asilimia 2. Utafiti wa ulemavu wa mwaka 2008, asilimia 7.8. Sensa ya 2012, asilimia 9.3 ya watu wenye miaka saba na zaidi. Sensa ya 2022, asilimia 11.2. Hatukuwa tunaumia kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni swali. Ukibisha hodi ukauliza, "Kuna mlemavu humu?" utaambiwa hakuna. Ukiuliza kama yupo mtu anayepata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, mtu ataanza kuhesabu kwa vidole. Ile asilimia 2 ya mwanzo ilikuwa kipimo cha jinsi tulivyokuwa tunauliza, na sera, majengo na bajeti vikakatwa kwa vazi hilo.

Asilimia 2 ya tatu, ya mikopo, nayo ina siri yake. Inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato hayo, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, jambo lililomsaidia mkulima. Lakini fuata mnyororo: mvua ikikosa, pamba inapungua. Pamba ikipungua, ushuru unapungua, na asilimia 2 ya kidogo ni kidogo. Cherehani ya mama asiyesikia inategemea mawingu ya Novemba. Aprili 2023 serikali iliisitisha mikopo yote ya asilimia 10 ili iupange upya utaratibu wake, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirejeshwa mwaka uliofuata. Kanuni pia zilikuwa zimelegezwa, idadi ya wanakikundi ikapunguzwa kwa watu wenye ulemavu. Si rahisi kupata kikundi kikubwa pale ambapo wenzako wamefichwa ndani.

Kikundi cha baba mdogo kilituma maombi. Siku ya kuitwa kusaini, alisafiri hadi ofisi moja ambayo chumba cha kusainia kilikuwa ghorofani, na ngazi hazikuwa na hata kishikizo. Vijana wawili walijitolea kumbeba. Alikataa. Aliketi chini, kwenye kivuli, akaomba karatasi zishuke. Zilichukua saa tatu kushuka. Alipoondoka, afisa mmoja mdogo alimsindikiza hadi barabarani na kumwambia kwamba mara nyingine watakutana chini. Na ikawa hivyo, si kwake tu.

Nimeisimulia hadithi hii kwa marafiki waliosoma sheria, na wengine wamesikitika kwamba yote haya, mkataba wa New York, sera, sheria, baraza, kamati za ngazi tatu, yameishia kwenye karatasi kushushwa ngazi. Mimi siioni hivyo. Mwaka 1967 alikuwa mtu mwenye haki ya kutegemea, na mtu wa namna hiyo angebebwa hadi juu na kushukuru. Aliyekaa kivulini saa tatu alikuwa mjumbe wa kamati iliyoundwa kwa sheria ya Bunge, alijua hivyo, na aliyekuwa juu alijua pia. Sheria haikumpa ngazi nzuri. Ilimpa sababu ya kutopanda mbaya.

Kilichobaki kudaiwa ni kikubwa. Kamati nyingi vijijini zipo kwenye taarifa kuliko zinavyokutana, kwa sababu sheria iliziunda bila kuzipa fungu. Ushauri bado ni ushauri. Bunge letu halina viti vya watu wenye ulemavu kama lile la Uganda, na mjadala wa Katiba mpya unaporudi, kama unavyorudi kila baada ya miaka michache, nadhani hilo liwe kati ya maswali ya kwanza kuulizwa na kizazi chetu. Wale wajumbe 20 wa mwaka 2014 walishaonyesha kwamba viti hivyo vinawezekana.

Wakati huo, kijijini kazi inaendelea kwa kalamu. Msichana wa miaka kumi na minne ameshajifunza kuandika jina lake, kwa kufundishwa na mwalimu aliyestaafu ambaye ni mjumbe wa kamati hiyohiyo. Orodha imeshavuka bonde. Baba mdogo anaiweka ndani ya kisanduku cha vifaa, chini ya funguo za spoku, ili mvua isiifikie.